Ndege Nyuma ya Watu wa Katumba

Dar es Salaam,
13 Novemba 2022

Mwanangu Emelyne,

Hujambo mama? Niliondoka Mpanda ukiwa na homa, na njia nzima ndani ya basi nilikuwa naiwaza hiyo homa kuliko chuo ninachokwenda. Natumaini matroni alikupa dawa na sasa unakula vizuri. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanivimbisha miguu.

Nimepewa chumba hosteli pamoja na binti mmoja wa darasa letu anaitwa Jeniffer, ana miaka kumi na tisa. Nilipoingia na begi langu alisimama haraka. "Shikamoo mama. Unamtafuta nani?" Nikamwambia, "Natafuta kitanda changu." Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaona aibu, akazima muziki. Tangu siku hiyo anasikiliza kwa visikilizio. Natamani asingefanya hivyo. Chumba kimekuwa kimya mno.

Darasa letu la historia ya sanaa ni dogo. Anayetufundisha anaitwa Dokta Dafrosa, mdogo kwangu kwa umri. Siku ya kwanza alifunga mapazia, akawasha projekta, ikatokea picha ya kinyago cha mbao: mwanamke kabeba mtoto mgongoni. Akauliza, "Mnaona nini?" Vijana wakajibu: upendo, uzazi, Afrika. Akasema, "Sijauliza maana yake. Nauliza mnaona nini." Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mama anatazama mbele, mtoto anatazama nyuma." Akaniambia, "Endelea kutazama." Nikatazama hadi macho yakaniuma, maana nilikuwa nakuona wewe.

Najua huko nyumbani Kakese wanasema mwalimu mzima kaacha kazi kwenda kusomea picha. Sijaacha kazi, nimepewa ruhusa. Nimefundisha watoto kusoma na kuandika, na wote walipenda kuchora, na mimi sikuwa na la kuwaambia zaidi ya "vizuri, kaa chini." Nilitaka kujua zaidi ya hapo.

Niandikie. Simu hamruhusiwi, kwa hiyo barua ndiyo sauti yako.

Mama yako,
Annonciata

*

Shuleni, Mpanda,
22 Januari 2023

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mimi ni mzima wa afya na ninaendelea vizuri na masomo. Homa iliisha.

Siku ya wazazi ilikuwa Jumapili iliyopita. Mama mdogo Gaudiose alikuja, ila alifika wageni wakiwa wanaondoka kwa sababu pikipiki iliharibika njiani. Alileta karanga na sabuni. Tulikaa kidogo getini. Namshukuru.

Wenzangu waliniuliza mama yangu anasoma nini Dar es Salaam. Nilisema uhasibu.

Barua zetu zinasomwa kwanza na mwalimu wa malezi, kwa hiyo sina mengi. Naomba uniletee sweta ukija.

Mwanao,
Emelyne

*

Dar es Salaam,
16 Aprili 2023

Mwanangu Emelyne,

Hujambo? Masomo yanaendeleaje, na hilo tumbo lako la mwezi bado linakusumbua kama zamani? Mwombe matroni maji ya moto, usione haya. Hapa mvua zimeanza na nguo hazikauki. Afya yangu ni njema.

Nilicheka kuhusu uhasibu. Kisha sikucheka.

Sasa nikueleze jambo. Dokta Dafrosa alituuliza kila mmoja nyumbani kwao watu walikuwa wakitazama picha gani. Mwenzetu wa Mtwara akataja vinyago. Jeniffer akataja picha za kanisani. Zamu yangu ilipofika nikasema sisi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba hatukuwa na kitu. Nikakaa. Halafu nikanyoosha mkono tena, nikasema, "Samahani, tulikuwa na mapazia yaliyochorwa, ya kupigia picha."

Unayajua mapazia hayo. Moja liko nyuma yetu kwenye ile picha ya sebuleni, baba yako amekushika, wewe unalia. Unajua pia kwamba alilichora yeye. Mzee Selestine mpiga picha alikuwa analileta Katumba kwa baiskeli siku ya Jumapili, analining'iniza kwenye ukuta wa ghala, na watu wanatoka kanisani wanapanga foleni. Nikalieleza darasa: watu waliokuwa wanaomba kibali hata cha kwenda Mpanda mjini, wanasimama wamenyooka na nyuma yao kuna ndege ya abiria.

Dokta aliacha kuandika. Akaniuliza, "Hayo mapazia yako wapi sasa?" Sikujua.

Likizo ya Juni, ukienda kwa mama mdogo, naomba upite studio kwa Mzee Selestine pale karibu na soko la zamani. Muulize kama kuna hata moja lililobaki. Ni hilo tu.

Mama yako,
Annonciata

*

Kakese,
18 Juni 2023

Mama,

Shikamoo. Mama mdogo anakusalimu, mpunga umeshavunwa na wote wazima. Barua hii haipiti kwa mwalimu. Jana kwenye simu nilishindwa kusema kwa sababu mama mdogo alikuwa amekaa pembeni, kwa hiyo naandika.

Nilienda. Studio ipo, ila siku hizi ni picha za pasipoti na kuprinti picha za kwenye simu. Ukuta mweupe tu. Nikajitambulisha: "Mimi ni Emelyne wa mwalimu Annonciata." Mzee akavua miwani.

"Wa Arcade," akasema, kwa jina la baba.

"Wa Annonciata."

"Haya, wa wote wawili. Ingia ndani."

Pazia liko nyumbani kwake, nyuma ya studio. Ndilo linalotenga chumba cha kulala na sebule. Kuna ziwa, kuna nyumba ya ghorofa yenye ngazi na maua mekundu, na juu kuna ndege yenye madirisha. Pembeni limeungua kwa pasi. Mama, mimi nilidhani ni kubwa. Kwenye picha yetu linaonekana dunia nzima. Pale ni kitambaa tu, unaona na nyuzi. Lakini nikisimama mbali kidogo, linarudi kuwa kubwa. Nilirudi nyuma na kusogea mbele hadi Mzee Selestine akacheka.

Halafu akasema, "Huwa ananipigia Krismasi." Mimi nikauliza nani. "Baba yako. Yuko Rumonge, Burundi." Akaniandikia namba kwenye kipande cha gazeti.

Miaka yote hii baba yangu ana namba ya simu kama watu wengine! Na Mzee Selestine anaongea naye, hapa hapa Mpanda, na mimi nimepita mbele ya hiyo studio mara ngapi?

Sasa naomba nikuulize, na usinijibu kama mwalimu. Uliniacha bweni ukaenda Dar kusomea mambo yake? Mtu aliyetuacha? Kama ungesomea kweli uhasibu ningeelewa.

Mwanao,
Emelyne

*

Dar es Salaam,
9 Julai 2023

Emelyne mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na hasira yako pia. Nashukuru uliandika zote mbili. Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye ngazi za maktaba maana sikuweza kungoja hadi chumbani.

Namba hiyo sikuwa nayo. Na Mzee Selestine hakuniambia, nadhani kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Umesema alituacha. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, wewe ni mkubwa. Mwaka 2009 malori yalikuja Katumba kubeba waliotaka kurudi Burundi. Wazazi wake walikuwa wazee, wanataka kufia kwao. Yeye alikuwa mtoto wao pekee. Aliniambia, "Twende." Mimi nimezaliwa Katumba, Burundi sikuwahi kuiona, na nilikuwa nafundisha kwa kujitolea nikisubiri uraia. Nikamwambia, "Baki." Tulisema maneno hayo mawili wiki nzima, yeye lake na mimi langu. Siku ya malori alikubeba hadi yalipowashwa, akakurudisha mikononi mwangu. Alisema atarudi akishawapeleka. Alituma ujumbe mwaka wa kwanza, na wa pili. Kisha nikasikia ameoa.

Kama huko ni kuacha, ndiyo, aliacha. Na mimi nilibaki. Sijui kubaki huko nako kunaitwaje.

Sikuja huku kwa ajili yake. Nilikuja kwa ajili yangu, na hilo ndilo gumu zaidi kumwambia mtoto. Ila mtu akikuuliza umetazama nini maishani, unajibu ulichotazama.

Kuhusu namba, sitakuzuia wala sitakutuma.

Mama yako,
Annonciata

*

Dar es Salaam,
15 Oktoba 2023

Emelyne,

Hujambo? Sijapata barua tangu Juni, lakini nilikuona Septemba, kwa hiyo najua u mzima na umerefuka.

Nimekuwa nikiikumbuka ile Jumapili. Tulikaa kwenye benchi la bwalo, sweta mapajani mwako. Nikauliza, "Hesabu zinakwendaje?" Ukasema, "Sawa." "Chakula?" "Sawa." "Umempigia?" Ukatazama wenzako wanaocheza netiboli, ukasema, "Bado." Nikataka kuendelea, kengele ikalia. Safari yote kutoka Dar hadi Mpanda kwa ajili ya sawa mbili na bado moja. Na ningekuja tena kesho kwa hizo hizo.

Jeniffer amehamia chumba cha rafiki zake. Aliniaga kwa heshima kabisa, akaniachia ndoo. Kitanda chake bado hakijapata mtu. Huwa namsikia anacheka ghorofa ya juu.

Hapa darasani mimi ndiye ninayejibu sana, na wakati wa chakula mimi ndiye ninayekaa peke yangu. Sikulalamikii. Nakueleza tu, kwa sababu nadhani na wewe uko hivyo hivyo huko, na hatuambiani.

Mama yako,
Annonciata

*

Shuleni, Mpanda,
11 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kidato cha nne ni kazi, tunaamshwa mapema na maji yanakatika kila mara. Mwalimu akisoma barua hii asome tu, nimechoka kuandika kama natoa taarifa.

Ni kweli, na mimi nakaa peke yangu.

Nilimpigia Desemba, kwa simu ya mama mdogo, nikiwa shambani ili asisikie mtu. Alipokea, akasema kwa Kirundi, nami nikasema kwa Kiswahili, "Naitwa Emelyne." Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia mtu anavuta pumzi.

"Emelyne yupi?"

"Wa Katumba. Wa pazia."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaanza kulia, mama, mwanaume mzima, na nyuma yake watoto wanamuuliza kuna nini. Ana watoto wawili wa kiume. Mke wake anaitwa Natalia. Anachora matangazo kwenye kuta za maduka na maandishi ya mbele ya malori. Aliniuliza kama napenda kuchora. Nikasema hapana. Nilidanganya, madaftari yangu yote yamejaa.

Alisema nikimaliza mitihani niende kumsalimia. Sikumjibu. Pia aliuliza unasoma nini. Nikamwambia. Akasema, "Annonciata alikuwa anakaa kwenye ndoo ananitazama nikichora hadi rangi ikauke. Hakuwa na haraka." Sikujua hilo, mama. Mbona hukuniambia kwamba ulikuwa unakaa kwenye ndoo?

Mwanao,
Emelyne

*

Dar es Salaam,
2 Juni 2024

Mwanangu Emelyne,

Hujambo? Umepona yale mafua? Mimi sijambo, macho tu yanataka miwani.

Ndiyo, nilikuwa nakaa kwenye ndoo. Nilikuwa na miaka ishirini.

Utafiti wangu wa mwaka wa tatu umekubaliwa. Nitaandika juu ya mapazia ya Katumba. Nilimweleza Dokta Dafrosa wazi kwamba mchoraji ni baba wa mtoto wangu. Akasema, "Basi liandike hilo ukurasa wa kwanza, kisha fanya kazi." Ilibidi nimhoji. Nilikaa na simu mkononi kutwa, mwisho nikapiga.

"Naitwa Annonciata Ndayizeye, mwanafunzi wa chuo kikuu," nikasema, kama tulivyofundishwa. Akasema, "Najua unaitwa nani." Nikaendelea na maswali. Rangi alipata wapi? Za kupaka milango, na nyingine alisaga udongo mwekundu. Kitambaa? Magunia ya msaada yaliyoshonwa pamoja. Kwa nini kila pazia lina ndege? Hapo akafikiri. "Nilianza na maua. Watu hawakupanga foleni. Nikaweka ndege, mama mmoja akaniambia, ndugu zangu wakiipata picha hii watajua nilifika mahali."

Niliandika yote. Mwishoni nikasema, "Asante kwa muda wako." Naye akasema, "Asante na wewe." Nikakata. Nilifua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Soma sana. Mitihani yako ni muhimu kuliko mapazia.

Mama yako,
Annonciata

*

Kakese,
30 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mitihani imeisha salama. Mama mdogo anaumwa mgongo lakini si sana. Mvua ni nzuri, wote wamepanda.

Nakwenda Rumonge kumsalimia baba Krismasi hii. Sikuombi ruhusa, nakuarifu, na najua inasikika vibaya. Mama mdogo atanisindikiza hadi Kigoma, huko Mzee Selestine ana mpwa wake anayevuka mpaka kila wiki, mama wa makamo, anauza vitenge. Hati ya kusafiria nimeshapata.

Ulisema hutanizuia wala hutanituma. Nilikuwa nangoja ufanye hata kimoja.

Mwanao,
Emelyne

*

Dar es Salaam,
6 Desemba 2024

Emelyne mwanangu,

Barua yako imenikuta salama, naamini hii itakukuta kabla hujaondoka, maana nimempa dereva wa basi mkononi.

Nenda. Sasa nakutuma. Vaa sweta, Manyovu mpakani kuna baridi. Usiache hati yako kwa mtu yeyote. Ukifika msalimie Natalia kwanza kabla ya baba yako, nyumba ni yake. Bibi yako wa huko kama yu hai mpigie magoti. Wale wadogo zako wapelekee daftari na kalamu za rangi, nimeziweka kwenye mfuko huu.

Mimi nina mitihani hadi karibu na sikukuu, halafu nitabaki hapa kuandika utafiti. Usijali.

Mama yako,
Annonciata

*

Rumonge,
23 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miwani umepata. Mimi nina afya njema, nimenenepa kwa ndagala, dagaa wa huku. Matokeo uliyaona, daraja la pili, wewe ulilia kwenye simu na mimi nikalia, kwa hiyo mengine hatukuongea.

Hayo mengine ni haya. Nilisema nitakaa wiki tatu. Sasa mpunga wa huku umeshatoa masuke na bado nipo. Asubuhi naenda na data kazini. Hapa wote wanamwita baba "data" na mimi nimeanza hivyo hivyo, nisamehe kama inakuuma. Mwanzo nilikuwa nasafisha brashi. Mwezi uliopita alinipa ukuta wa duka la dawa, akasema, "Mimi sitatazama," akaenda kunywa chai. Nilichora mwanamke anayemnywesha mtoto dawa. Watu walisimama, mama. Mwenye lori moja akaniomba nimchoree samba nyuma ya lori, nikamuuliza samba ndiyo nini, kumbe alitaka simba.

Natalia ni mpole lakini hatuongei sana. Kirundi changu kinachekwa. Siku za Jumapili wakiwa wote pamoja wanacheka, mimi nacheka nikiwa nimechelewa kidogo. Kwa hiyo usifikiri upweke niliuacha Mpanda.

Ila sitaki kurudi kusoma kidato cha tano. Nataka kujifunza hii kazi. Najua ulinipigania nisome. Najua pia wewe ndiye uliyeondoka nyumbani ukiwa mtu mzima kwenda kutafuta picha. Mimi nimewahi tu.

Usinijibu haraka.

Mwanao,
Emelyne

*

Kakese,
11 Januari 2026

Emelyne mwanangu,

Nimefika salama. Mgongo unauma kwa lami na vumbi, kingine chochote hakiumi. Mama mdogo Gaudiose amepona, anakusalimu na anauliza maswali mengi. Naamini nyie wote huko hamjambo, na mdogo wako yule mwenye kikohozi ameacha kucheza kwenye maji.

Nakuandikia ingawa tumeachana juzi, kwa sababu tukiwa pamoja hatusemi, na wewe unajua.

Mahafali ya Novemba nilikueleza kwa simu, lakini sikukueleza yote. Baada ya kutunukiwa watu walitawanyika uwanjani kutafuta ndugu zao. Nilisimama na joho langu, nikajifanya napiga simu. Jeniffer aliniona. Akanivuta kwa wazazi wake, akasema, "Huyu ndiye mama yangu wa chuo," wakaniweka katikati ya picha yao. Nilitabasamu vizuri. Siku ile ile niliamua nitakuja Rumonge Krismasi.

Mpwa wa Mzee Selestine alinishusha pale sokoni, akaninyooshea kidole, "Yule pale." Nikamwona kijana juu ya ngazi, suruali imejaa rangi, anachora herufi kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Nikasema, "Hapana, natafuta binti yangu." Ndipo ukageuka. Sikukuita kwa sababu ulirudia kazi yako, na mkono wako ulikuwa hauna wasiwasi hata kidogo. Nilikaa kwenye jiwe nikakutazama hadi ukashuka. Ukanisalimia kwa Kirundi, ukashika mdomo, kisha ukanisalimia kwa Kiswahili. Nilikuwa nimeshakuitikia kwa Kirundi. Hukusikia.

Arcade ameota mvi. Alisimama mlangoni, akavua kofia. "Annonciata, karibu." Natalia ndiye aliyenikumbatia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Nataka uikumbuke ile siku niliyosoma utafiti wangu, hata kama mimi sitakuwepo kukukumbusha. Nilikuwa nimemletea baba yako nakala, akaifungua, akaishika kama mtoto mchanga. Akasema, "Kiingereza sijui." Basi nikamsomea, nageuza kwa Kiswahili, na wewe unageuza kwa Kirundi kwa wadogo zako na Natalia. Mchana wote. Nilipofika mahali pa foleni, jinsi watu walivyokuwa wanaazimana viatu ili kila mmoja apigwe picha amevaa, akainua kichwa. "Soma tena hapo." Nikasoma tena. "Tena." Wale watoto wakaanza kucheka viatu, naye akacheka, kisha akatoka nje, na hakuna aliyemfuata. Natalia alikwenda kuweka maji ya chai. Mimi na wewe tukabaki na yale makaratasi mikononi. Ulisema, "Mama, umeandika vizuri." Ulisema kama mtu anayejua kazi.

Sikuja kukuchukua. Nilijua tangu nilipokuona juu ya ngazi. Ulipanga nguo zako chache kwenye kreti, brashi zako umeziosha na kuzisimamisha kwa ukubwa. Mtu akipanga vitu hivyo, amehamia.

Pale stendi uliniuliza, "Umekasirika?" Nikasema hapana. "Basi umekuwaje?" Nikasema safari imenichosha. Nilikuwa bado sijasafiri, Emelyne. Gari lilikuwa halijaondoka. Ulitazama pembeni, kwa hiyo nadhani ulielewa. Ulinishika mkono kwa dirisha, rangi ya bluu ikabaki kwenye kiganja changu.

Shule inafunguliwa kesho kutwa. Mwalimu mkuu amenipa darasa la tatu, na kipindi cha kuchora kwa madarasa yote, hilo nililiomba mwenyewe. Nimefagia nyumba. Chumba chako nimekifungua madirisha. Sijaweka kitu ndani.

Leo baada ya ibada wameniuliza, mama mdogo kwanza, halafu mchungaji, halafu yule mama wa mgahawa: "Emelyne anarudi lini?" Wote nimewajibu, "Karibuni tu."

Niandikie uniambie kama niendelee kuwajibu hivyo.

Mama yako,
Annonciata